Mwari Haugui

Katika kisiwa cha Ngumi mwari hatoki nje, haonwi na mume mpaka siku yake, na haugui. Mawili ya kwanza Mashavu aliyaweza bila taabu. La tatu lilimshinda. Asubuhi ile koo lilimuuma hata mate yake mwenyewe akayaogopa, midomo kwa ndani ilikuwa na vidonda vyeupe, na chini ya liwa ya msandali aliyopakwa mwili ulikuwa ukiwaka moto.

Ilikuwa siri. Nyumba nzima iliijua na nyumba nzima iliificha, kwa sababu upande wa bwana harusi ukisikia mwari anaumwa utasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Meza pole pole, mwanangu," alisema Zaituni, mwanamke aliyekabidhiwa kumfunda na kumpamba, ambaye Mashavu alimwita somo. Alikuwa ameinama juu ya jiwe lake akisaga liwa nyingine. "Gharibu akishakukata, kesho utakunywa uji, na Ijumaa utaolewa na sauti yako."

"Na wembe?"

"Kakako Shee ameufuata Kismayu tangu yana jioni. Gharibu hataki wembe wa kutu, na hapo ndipo ninapompendea."

Gharibu alikuwa mkata vilimi. Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, na visiwani kwetu mtu akiumwa na koo likakawia kupona, lawama humwendea kilimi kabla ya mwingine yeyote. Gharibu alikata vya watoto, vya watu wazima, na kimoja cha mfanyabiashara aliyekuja kununua papa tu. Hakuna aliyewahi kumlalamikia, ingawa wenye ulimi mchafu walisema wenye malalamiko hawakubaki na sauti ya kuyatolea.

Zaituni alipogeuka kuchota maji, Mashavu alipenyeza vidole kwenye fundo la leso yake, akatoa kidonge kidogo cha rangi ya waridi, akakitia mdomoni. Kiliteremka kama kaa la moto. Machozi yalimtoka, lakini alikimeza.

Vidonge hivyo mamake alikuwa amevipiga marufuku.

Mwanzoni havikuwa na ubaya wowote. Mwaka ule ulipoanza, shingo ya Mashavu ilivimba kidogo kwa mbele, na moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa amelala. Alikula kuliko wavuta nyavu, naye akazidi kukonda. Mikono ilitetemeka, jasho halikumkauka, macho yakamtoka akawa kama mtu aliyeshtuliwa na asieleze kashtuliwa na nini. Watu wakasema ana jini, tena jini la kiume. Ndipo siku moja, nyumbani kwa binamu yake Kismayu, alipotumwa kupeleka kahawa barazani, na vikombe vikagongana juu ya sinia mpaka wageni wakaanza kucheka. Mmoja hakucheka. Alinyanyuka, akaishika sinia kwa chini, akasema taratibu, "Iachilie, dada. Haitaanguka."

Mashavu aliinua macho, akakutana na macho ya Aboud, mwenye duka karibu na soko. Tangu siku ile moyo wake ulikwenda mbio kwa sababu mbili.

Aboud ndiye aliyemwambia Shee kwamba hilo si jini, ni maradhi, na yana daktari wake. Daktari alipima damu, akasema tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na vidonge vitaituliza. Vikaituliza kweli. Mikono ikatulia, nyama ikarudi mwilini, usingizi ukaja. Aboud naye akaleta posa. Mwanalima, mamake Mashavu, aliikataa, akaikataa tena, mwisho akaikubali huku amenuna. Mchu wa mjini, alisema, mtu asiye wa visiwani, tena mgane, ambaye mkewe wa kwanza alikufa kijana.

Halafu akaja mwanamke mmoja kutoka Kudhaa, akala, akanywa, na alipokuwa akijifunga buibui aondoke akasema, "Huyo Aboud si ndiye yule? Nasikia hata marehemu mkewe alikuwa akimezeshwa dawa kwa mkono wake." Akaenda zake.

Siku chache baadaye koo la Mashavu likaanza kuuma, na Mwanalima akakumbuka jambo ambalo mpaka hapo alilichukulia kuwa mapenzi. Kila mjumbe wa Aboud aliyeleta udi au kitambaa aliuliza swali lilelile: Mashavu hajambo koo? Bwana harusi huuliza hali. Huyu aliuliza koo, na aliliuliza kabla halijauma.

"Amejuaje?" Mwanalima alimwuliza kila mtu wa nyumba ile. "Nambieni. Amejuaje itakuwa koo?"

Akakinyakua kichupa cha vidonge, akasaga viwili, akavichanganya na pumba akampa kuku wake mweusi. Kuku hakufa. Alitaga. Mwingine angetulia hapo, lakini Mwanalima alizidi kushuku. "Sumu ya kusomewa," alisema, "humjua aliyetumiwa."

Asichojua ni kwamba Mashavu alikuwa ameshamimina nusu ya vidonge vya kichupa kile na kuvifunga kwenye leso. Kila asubuhi alimeza kimoja kwa siri. Hakumeza kwa ajili ya shingo. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumshuku Aboud. Alimshuku akioga, alimshuku akisali, na aliona aibu kama mwizi, kwa kuwa alimpenda. Kila kidonge alichomeza alikuwa akijiambia: tazama, simshuku. Na kila koo lilipozidi kuuma shaka ilirudi na kukaa palepale.

Jua lilikuwa limeshapanda waliposikia mlango wa uani ukigongwa.

"Huyo ni Shee na wembe," alisema Zaituni.

Ilikuwa kweli Shee, lakini hakuja peke yake.

"Salamu alekumu, mama."

Mashavu alishika ukingo wa kitanda. Sauti ile angeijua hata ndani ya kisima.

"Nimeitikia moyoni," Mwanalima alijibu. "Sasa toka. Mume haji kwenye nyumba ya mwari kabla ya siku yake. Haya umeiacha dukani? Shee! Nani kakwambia umlete?"

"Sikumleta, mama, amenifuata." Shee, aliyekuwa mlezi wa dada yake tangu baba yao afariki, hakuwahi kumpenda Aboud, na sauti yake haikuficha. "Nilikwenda dukani kwake kununua wembe. Akauliza, wa nini? Nikasema wa Gharibu. Akauliza, kilimi cha nani? Nikanyamaza. Basi akafunga duka."

"Amefunga duka?"

"Na wateja wamo ndani, wallahi. Ilibidi nimkumbushe."

Mashavu alisogea hadi kwenye pazia. Kupitia upenyo aliona uani nusu: Gharibu amechuchumaa kando ya jiko lake la makaa, mamake amesimama na mikono kiunoni, na katikati yao Aboud, vumbi la chumvi usoni, shati limegandamana na mwili. Alikuwa amekonda. Mashavu alimpenda kwa kule kukonda, hapohapo akajiuliza kumemkondesha nini.

"Mama, nakuuliza jambo moja tu," alisema Aboud. "Koo la Mashavu linauma?"

"Mwari hajambo."

"Basi wembe ni wa nani?"

Mwanalima alimkazia Gharibu jicho. Lakini Gharibu, mtu asiyejua kuficha hata umri wake, alicheka. "Wa kilimi, bwana, mbona twafichana? Koo limevimba, nimelitazama kwa tochi. Vidonda vyeupe mpaka ndani kabisa. Mimi nakata mara moja tu, hata kulia hawahi."

Uso wa Aboud ulibadilika.

"Usimkate," alisema. "Mama, nakuomba, asikatwe. Na vile vidonge asimeze tena hata kimoja."

Mwanalima alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyepata pete yake iliyopotea.

"Mmesikia, wachu? Mmesikia kwa masikio yenu? Ulipovileta ulisema ameze. Leo wasema asimeze. Kilichogeuka ni nini, Aboud, dawa au wewe?"

"Dawa ni ileile, mama. Wengi huwafaa. Lakini mmojammoja katika wengi humgeuka. Inaua askari wa damu, wale wanaopigana na maradhi mwilini. Mchu akiishiwa na hao, hata kidonda kidogo cha koo chaweza kummaliza. Daktari alisema, koo likiuma au homa ikija, acheni vidonge siku hiyohiyo, mleteni apimwe damu." Akamgeukia Gharibu. "Na wewe, fundi, kazi yako siitii ila. Lakini ukimtia jeraha leo halitapona. Mwili wake hauna cha kuliponyea."

Gharibu aliutazama wembe uliokuwa bado kwenye karatasi yake, akauweka chini.

"Waryaa, wewe Aboud," Shee alisema, akimsogelea. "Maneno mazito kama hayo uliyaweka wapi siku zote hizi?"

"Sikuyaweka. Niliyakabidhi kwa somo yake, Zaituni. Palepale hospitali, Mashavu alipokuwa chumba cha pili anatolewa damu. Mimi siruhusiwi kusema naye, ningefanyaje? Nilimwambia yeye, neno kwa neno, na kila nilipotuma mchu nikauliza koo. Kila mara mkanijibu hajambo."

Ndani ya chumba, jiwe la liwa lilinyamaza.

Mashavu aligeuka. Zaituni alikuwa amekaa vilevile, mkono juu ya jiwe, hauendi mbele wala haurudi nyuma.

"Zaituni!" Mwanalima aliita kutoka uani. "Wamsikia huyu?"

"Namsikia."

"Alikwambia?"

Zaituni alilitazama pazia, akalitazama jiwe. Kila mahali alipatazama isipokuwa kwenye uso wa Mashavu. "Mimi sikumbuki maneno kama hayo," alisema, na mkono ukaanza kusaga tena, upesi upesi.

Nje kukawa fujo. Shee alimkamata Aboud shati, kifuani. Mwanalima alikuwa akisema juu ya sauti za wote. "Mwongo huyu! Na mkeo wa kwanza je? Naye aliishiwa na askari? Au kwake ulitumia dawa nyingine?"

"Mke wangu hakumeza dawa yoyote, mama." Aboud hakujitoa kwenye mkono wa Shee. "Alishikwa na uchungu wa kuzaa, ukamzidi. Nikataka kumpeleka hospitali. Wazee wakanambia ngoja, mimba ya kwanza hukawia. Nikaona adabu kuwabishia. Nikangoja. Nimezika wawili kwa adabu yangu ile. Leo nipige, Shee. Nitukane, mama. Lakini kungoja siwezi tena."

Mashavu alisikia kila neno. Yalimchoma, na bado hakujua ayaamini au la, maana hata mwongo ana machozi yake. Nje huko ni neno la mtu mmoja dhidi ya neno la somo yake, na somo hadanganyi. Lakini jiwe lilinyamaza. Hilo hakuna aliyeliona ila yeye.

"Somo," alinong'ona. Sauti ilikwaruza. "Alipotaja jina lako uliacha kusaga."

"Nimechoka mkono."

"Nitazame basi."

Zaituni hakutazama.

"Alikwambia?"

Kwa muda Zaituni aliendelea kuusukuma mkono wake juu ya jiwe lisilokuwa na kitu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini zaidi ya ile ya mgonjwa, "Mwari haambiwi neno la kifo. Ndivyo nilivyofundwa, nami ndivyo nilivyowafunda wote. Yeye kanambia, dawa hii ni nzuri lakini yaweza kumwua. Ningelileta vipi neno hilo humu, chini ya udi, juu ya kitanda chako? Nikalimeza. Nikasema ni mmoja katika wengi, na mmoja huyo hawezi kuwa wewe."

"Na koo lilipoanza?"

"Nikaogopa. Halafu mamako akavichukua vidonge, nikashukuru. Nikasema Mungu kanisitiri, mchoto huyu, mwanangu, ameacha, sina haja ya kusema tena."

Mashavu alilifungua fundo la leso juu ya paja lake. Vidonge vilivyobaki vilikuwa vichache.

"Sikuacha," alisema.

Zaituni alijiziba mdomo kwa mkono uliojaa liwa. Alivitazama vidonge vile kama mtu anayetazama nyoka aliyelala naye.

"Waambie, somo."

"Nikiwaambia, nani ataniita tena nyumbani kwake? Wasichana wa Ngumi wote nimewatoa mimi. Nitakuwa nani?"

"Na nikifa," Mashavu alimwuliza, "utaniosha wewe?"

Zaituni aliinamisha kichwa akalia bila sauti. Hakuinuka.

"Jamani," Gharibu aliita huko nje, "niingie nisiingie? Maji yangu yanapoa."

"Ingia!" alisema Mwanalima. "Nyumba hii haitawaliwi na mwenye duka."

Basi Mashavu alisimama. Akashika pazia, akalivuta, akatoka uani, mchana kweupe, uso umejaa liwa na leso imemteleza begani.

Mwanalima alipiga ukelele. Gharibu alifunika macho. Na Aboud, ambaye tangu aingie alikuwa akitaka kumwona huyo huyo na si mwingine, aligeuka upesi akaelekea ukuta, hata Shee akabaki na kifungo cha shati mkononi.

Mashavu aliutazama mgongo ule.

"Mbona wanipa mgongo?"

"Siku yako haijafika," Aboud aliuambia ukuta. "Sikuja kukuvunjia heshima, Mashavu. Nimekuja tu usikatwe."

"Wasema nisimeze vidonge."

"Usimeze."

"Nimemeza hata leo."

Mabega ya Aboud yalishuka.

"Mama alinikataza," aliendelea Mashavu, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Nikameza kwa siri. Kila siku. Watu wanasema umeniua. Nikaona nikiacha, nitakuwa nimekubali. Nimemeza ili nisikushuku."

Aboud aliweka kiganja ukutani. Alipozungumza sauti haikuwa ya mwenye duka wala ya bwana harusi.

"Basi nishuku," alisema. "Nishuku utakavyo, Mashavu. Nishuku mpaka uzeeke. Lakini uwe hai."

Nyuma ya Mashavu pazia lilisogea tena. Zaituni alitoka, mdomo na shavu vimejaa liwa ya mkono wake mwenyewe. Alipita kando ya Mashavu akaenda kusimama mbele ya Mwanalima.

"Alinambia," alisema. "Yote. Nami nikaficha."

Mwanalima alimtazama shoga yake huyo wa tangu utoto. Mashavu alidhani atampiga. Badala yake mamake alimkaribia yeye Mashavu, akamwekea mkono kwenye paji la uso, kwa mara ya kwanza mbele za watu, akauacha hapo.

"Shee," alisema, "mashine ya boti ina mafuta?"

"Inayo."

"Basi unangoja nini, wewe nawe?" Akavichukua vile vidonge vilivyobaki, akavifunga kwenye leso yake mwenyewe, akakaza fundo kwa meno. "Hivi nakwenda navyo. Daktari atanieleza mwenyewe, kwa mdomo wake. Na wewe, Aboud, usidhani nimekuamini."

"Sidhani, mama."

Gharibu alikuwa ameuokota wembe wake. Aliukunja vizuri kwenye karatasi, akampa Shee. "Wembe mpya hauozi," alisema. "Utamnyolea nywele mchoto wao wa kwanza." Mwanalima alimwangalia kwa jicho kali, naye akajishughulisha na makaa.

Njia nzima mpaka Kismayu Aboud alikaa mbele kabisa ya boti, amewapa mgongo. Mawimbi yalimlowesha, hakugeuka hata kujifuta. Mashavu alilala juu ya mapaja ya mamake akiutazama mgongo huo. Alitaka kuuamini. Lakini homa ilikuwa imepanda, na mwenye homa hushuku hata maji anayopewa: pengine mtu huyu hageuki kwa sababu hawezi kuniangalia usoni. Wazo hilo lilikuja naye hakuwa na nguvu ya kulifukuza.

Hospitali daktari alimchoma kidole kwa sindano, akaitazama damu, akaacha kila alichokuwa akifanya. Mashavu aliwekwa chumba cha peke yake, akapigwa sindano za dawa kali, na mtu mwenye kikohozi au mafua akakatazwa kuingia. Mwanalima alimfuata daktari ukumbini, fundo mkononi.

"Vidonge hivi ni sumu au si sumu?"

"Abaayo, dada yangu, ni dawa. Huyu binti ni katika wale wachache wanaogeukwa nayo. Asiviguse tena maisha yake yote. Akipata nguvu, shingo tutaitibu kwa njia nyingine, hata kama ni kumpeleka Mogadishu kupasuliwa."

"Na kama angekatwa kilimi?"

"Mngemzika."

Mwanalima aliuliza tena baada ya sala ya adhuhuri, na akauliza tena jioni, kila mara kwa maneno mengine, akitumaini kumnasa daktari. Jibu halikubadilika. Alipotoka mara ya mwisho alimkuta Aboud kwenye benchi la nje, mlangoni mwa chumba, mgongo kwenye mlango. Kisha akamwekea kando yake kikombe cha chai aliyokuwa akinywa yeye, akarudi ndani.

Ijumaa ya harusi ilifika, Mashavu hakuijua. Alikuwa akiota sinia inaanguka, vikombe havifiki chini. Mamake alisoma kila dua aliyoijua. Zaituni, ambaye alipanda boti nyingine akawafuata bila kuitwa, aliosha shuka za mgonjwa, akazianika, akaziosha tena, na Mwanalima alimwacha azioshe.

Asubuhi moja Mashavu aliamka, akameza mate. Alisubiri maumivu. Akameza tena.

Mto ulikuwa umelowa jasho na mwili ulikuwa wa baridi, mwepesi. Mamake alikuwa amelala juu ya mkeka chini ya kitanda, fundo la vidonge bado kwenye ngumi. Mlango ulikuwa wazi ili upepo upite, na nje ya mlango ulikuwa ule mgongo. Shati lilikuwa lilelile.

Mashavu aliutazama kwa muda mrefu. Aliitafuta shaka yake moyoni, pembe kwa pembe, kama mtu anayetafuta sindano mkekani, kwa kuogopa itamchoma baadaye. Alikuta imebaki kidogo. Aliona anaweza kuishi nayo.

"Aboud."

"Labeka." Hakugeuka, lakini alikaa wima kama aliyeitwa na askari.

"Siku yangu ilikuwa Ijumaa."

"Imepita, Mashavu."

"Basi geuka."

Aliona mikono yake ikishika ukingo wa benchi, na mtu aliyefunga duka na wateja wamo ndani akashindwa na jambo dogo kama hilo. "Nikaha haijafungwa," alisema kwa taabu. "Mamako hajaniruhusu."

Chini, juu ya mkeka, Mwanalima hakufungua macho. Aliivuta leso mpaka usoni, na kutoka chini ya leso ikatoka sauti iliyonuna.

"Geuka, mwanangu, kabla sijaamka."

Akageuka.